Mto Usiolaliwa

Shangazi yangu hushona mito ya sufi, na mtaa mzima humwita Bi Sufi. Mimi ninashona naye tangu nilipomaliza shule, na jina lake la kuzaliwa nimelisikia likitajwa benki tu. Hata huko ilibidi yule karani aite na kurudia ndipo Shangazi akakumbuka kwamba ni yeye anayeitwa.

Kiwanda chetu kiko uani kwake, ikiwa chumba kimoja chenye cherehani mbili na meza ndefu kinastahili kuitwa kiwanda. Nyuma ya ua umesimama msufi. Shina lake lina miiba minene kama ncha za vidole, kwa hiyo hata watoto watundu wa mtaa wameshindwa kuupanda. Mti ule una tabia zake. Kiangazi kikikaza hujivua majani yote, ukabaki mtupu kama mtu aliyeingia bafuni akakuta maji yamekatika. Halafu hutoa maua ya rangi ya maziwa, popo wakaja kuyanywa kwa fujo kama wamealikwa. Baadaye hushuka maganda ya kijani, marefu kuliko kiganja, ambayo hukauka, hugeuka rangi ya kahawia, kisha hupasuka yakatoa kile tunachokula na kuvaa: sufi nyeupe, laini kuliko nywele za mtoto mchanga, yenye mbegu nyeusi ndogo kama pilipili manga.

Sufi, kwa Shangazi, ni imani. Hailowi maji. Haigandi ikawa mabonge. Hairudishi joto la kichwa chako usoni kwako. Ukimtajia sponji hukuangalia kana kwamba umemtukania mzazi.

"Sponji ni mkate uliokataa kuoza," husema. "Unaweza kulala juu ya mkate?"

Kuhusu kuolewa, hakuwahi. Wachumba walikuja enzi zake, si kwamba hawakuja. Mmoja Shangazi alimkataa kwa sababu jamaa alizungumza akiwa na chakula kinywani. Mwingine alikuwa mtanashati, mwenye kazi na adabu zake, lakini siku ya kuzungumza mambo ya maana alisema, "Ukishakuwa kwangu, hayo manyoya utayaacha." Shangazi alimpa chai, akamsindikiza hadi barabarani, na ikawa ndiyo mara ya mwisho. Baba yangu, ambaye ni mdogo wake, alizoea kusema, "Dada yangu aliolewa zamani. Mume wake ana miiba na amesimama uani."

Basi mambo yalikuwa hivyo mpaka alipokuja Dereva.

Alikuwa dereva wa treni aliyestaafu, mjane, anayeishi mitaa miwili kutoka kwetu na binti yake ambaye ni muuguzi. Mwanamume mrefu, mwenye masharubu meupe yaliyokatwa sawasawa na shati lililopigwa pasi hadi mikono ikasimama yenyewe. Nilimwona mlangoni akiwa ameinama kidogo, kama watu warefu wanavyofanya hata penye mlango mrefu.

"Hodi hapa. Nimeambiwa ndipo wanaposhona usingizi."

"Usingizi ni wa Mungu," Shangazi akajibu bila kuinua macho. "Sisi tunashona mito. Karibu ukae."

Akakaa. Akasema tangu astaafu hapati usingizi, kwa sababu kitanda hakitikisiki. Shangazi akainua kichwa kumtazama kama anatania, akaona hatanii. Akachukua utepe wa kupimia, akasimama nyuma yake na kumpima kutoka shingoni hadi ncha ya bega, maana hivyo ndivyo anavyopima kila mtu. Mto, kwake, haununuliwi kama sabuni.

"Unalala chali au ubavu?"

"Ubavu."

"Upi?"

"Ule ulio upande wa dirisha."

Nikaona Shangazi anataka kucheka, akajizuia. Na Dereva, akiwa bado amepimwa nusu, akapiga chafya iliyotikisa mikasi mezani.

"Afya," nikamwambia.

"Vumbi la barabarani," akasema, akifuta macho. "Samahani."

Mto ukashonwa. Shangazi akauchora alama ndogo ya chaki pembeni, kama anavyofanya kwa kila mto, na Dereva akaja kuuchukua akaondoka nao amejaa furaha na chafya. Tukadhani yamekwisha.

Wiki haikuisha, akarudi. Mto uko juu mno. Shangazi akaufumua, akapunguza sufi, akaushona tena kwa shazia, ile sindano kubwa ya magodoro, huku Dereva amekaa kwenye benchi akisubiri na kusimulia. Alijua kusimulia. Alituambia jinsi treni ya mizigo inavyohitaji kuanza kusimama wakati kituo hakijaonekana bado, na jinsi mbuzi mmoja alivyowahi kulala relini akagoma kuondoka mpaka abiria wakashuka kumbembeleza. Kila baada ya maneno machache alipiga chafya, akaomba radhi, akaendelea.

Akarudi tena. Sasa mto uko chini mno. Ukaongezwa. Akarudi: mshono unamtekenya sikio. Shangazi akauhamisha. Akaagiza mto wa pili, wa kuegemea kwenye kochi. Akaagiza wa tatu, wa mgeni.

"Mgeni gani?" Shangazi akamuuliza.

"Anaweza kuja," Dereva akasema. "Mgeni hapigi simu kila mara."

Mimi sikuwa mtoto. Niliona kwamba masharubu yale yalikuwa yanachanwa kabla ya kuja, na kwamba mtu mwenye shida ya usingizi hajipaki manukato saa nne asubuhi ili kwenda kulalamika kuhusu mshono. Niliona pia kwamba Shangazi, ambaye kwa kawaida hapendi kuzungumza akiwa kazini, alikuwa anamuuliza maswali. "Kisha mbuzi akafanyaje?" Nani alimjua Shangazi akiuliza habari za mbuzi? Siku moja nikamkuta anafagia chini ya lile benchi, mahali ambapo hapajawahi kufagiwa tangu liwekwe.

Nikajaribu kumchokoza. "Shangazi, huyu mzee haji kwa ajili ya mto."

"Anakuja kwa ajili ya nini? Cherehani?"

"Fikiri mwenyewe."

"Nikifikiri na wewe ukifikiri, nani atashona?" akasema, akakanyaga cherehani kwa nguvu ili nisimsikie tena.

Kilichoharibu mambo ni chaki. Dereva alikuja kulalamika kwamba mto, sasa, umekuwa mzito upande mmoja. Shangazi akaupokea, akaupeleka dirishani penye mwanga, akaugeuza. Alama ya chaki ilikuwa palepale pembeni, nyeupe na kamili kama alivyoichora. Sasa, chaki ile hufutika mtu akilaza kichwa hata usiku mmoja tu. Akaunusa mto. Akaubonyeza katikati. Nilijua tayari amekasirika, kwa sababu alikuwa mtulivu kupita kiasi.

"Dereva. Umelalia mto huu?"

Mzee akapangusa masharubu. "Nimejaribu."

"Umejaribu vipi? Umeutazama?"

Hata cherehani yangu niliisimamisha.

"Nimeufumua mto huu na kuushona, nikaufumua na kuushona," Shangazi akasema. "Nimekaa nikijiuliza mkono wangu umeingiwa na nini, kwamba nashindwa kumpa mtu mmoja usingizi. Kumbe haujalaliwa hata siku moja. Kazi yangu si ya kufanyiwa mzaha, Dereva. Chukua mto wako. Ukiona umekushinda, wape kuku wautagie mayai. Lakini hapa usirudi."

"Bi Sufi, nisikilize..."

"Kwaheri ya kuonana barabarani."

Akauweka mto kwapani, akatoka. Tulimsikia akipiga chafya getini, akasimama kidogo, akapiga nyingine, kisha akaenda zake.

Siku zilizofuata zilikuwa ngumu. Shangazi alizungumza na cherehani zaidi kuliko na mimi. Mkasi ukiwa butu, lawama zilikuwa zangu. Uzi ukikatika, zangu. Lakini kila geti lilipolia, shingo yake iligeuka haraka kuliko inavyofaa shingo ya umri wake, na alipoona ni muuza mkaa au jirani aliyekuja kuazima ungo, alirudisha macho kwenye kazi na kuuliza kwa sauti ya mtu asiyejali, "Nani huyo?"

"Si yeye."

"Nani amemtaja yeye?"

Wakati huohuo, kazi kubwa ikatujia. Nyumba ya wageni iliyokuwa karibu kufunguliwa ilitaka mito ya vyumba vyake vyote, na ilitaka ya sufi. Mwenyewe alikuwa amelala kwenye mto wa Shangazi nyumbani kwa mama mkwe wake, akaamka na heshima mpya kwa mama mkwe. Msufi nao ulikuwa umeiva. Tuliangua maganda kwa upembo mrefu, tukayapasua, tukachambua mbegu, na sufi yote tukaiweka uani kwenye kizimba cha wavu ili ikauke vizuri, maana sufi ikiachwa wazi haingoji ruhusa. Kizimba kilijaa hadi juu. Ukikitazama ungedhani tumekamata wingu na kulifungia.

Siku ya upepo ilianza vizuri. Jua, mbingu ya bluu, nguo za watu kwenye kamba. Kisha, baada ya chakula cha mchana, ukaja upepo mmoja kutoka upande wa barabara kuu, si wa mvua wala wa chochote, upepo tu uliokuwa na haraka zake. Ukaingia uani, ukazunguka msufi, ukashika kizimba kwa upande mmoja na kukiinua kama mtu anavyoinua kifuniko cha sufuria kuona kimepikwa nini.

Nilipiga kelele. Shangazi akatoka. Tukasimama tukiangalia kazi ya majuma ikipanda juu ya paa, ikasimama kidogo kana kwamba inachagua njia, kisha ikashuka mtaani.

Sijawahi kuona kitu kizuri kama kile na kuumia hivyo kwa wakati mmoja. Mtaa wote ulikuwa mweupe. Sufi ilijaa kwenye nyaya za umeme, kwenye kamba za nguo, kwenye masikio ya mbwa aliyekuwa amelala na sasa alikuwa akijizunguka kujitafuta. Kwa kinyozi, mteja aliyekuwa amepakwa povu tayari kunyolewa alitoka nje kutazama kuna nini, akarudi ndani akiwa na nywele nyingi kuliko alizokuja nazo. Watoto walikuwa wakiruka na kupiga mayowe ya furaha. Mwanamke mmoja aliyekuwa akianua nguo alisimama mikono kiunoni, akatazama mashuka yake, akasema kwa utulivu, "Basi nitalala kama nilivyo."

Shangazi alisimama katikati ya barabara, mikono kichwani. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilimwona hajui la kufanya.

Ndipo nikasikia filimbi.

Haikuwa filimbi ya mchezo. Ilikuwa filimbi ndefu, ya amri, ile inayosimamisha watu miguu ikiwa hewani. Dereva alikuwa anakuja kutoka mwisho wa mtaa, mikono ya shati imekunjwa, filimbi mdomoni. Akaitoa.

"Acheni kuikimbiza!" akapaza sauti. "Mnaipeperusha zaidi! Upepo unaipeleka kwenye uchochoro wa fundi redio, haina njia nyingine. Leteni vyandarua! Kila mwenye chandarua akilete!"

Na watu wakatii. Sijui ni filimbi au ni ile sauti, lakini mtaa mzima uliingia majumbani na kutoka na vyandarua, vya bluu, vya kijani, vyenye viraka, kimoja bado na msumari wake. Dereva akavipanga kwenye mdomo wa uchochoro, kimoja nyuma ya kingine, huyu ashike juu, huyu akanyage chini, wewe wa kaptura panda kwenye ngazi ya fundi. Upepo ukasukuma, na wingu letu likaja lenyewe, taratibu, likajilaza kwenye vyandarua kama kondoo wanaorudi zizini. Wanawake wakaikusanya kwa mikono na kuitia kwenye maforonya. Kinyozi akaja na mteja wake, povu na yote, wakashika pembe moja. Kicheko kilikuwa kingi kuliko kazi. Hata Shangazi alishusha mikono kichwani, akafunga kanga vizuri, akaanza kuamrisha, na pale nikajua tumepona.

Tuliokoa sehemu kubwa. Iliyobaki ilibaki kwenye paa za watu, na ikabaki huko.

Lakini Dereva alikuwa hoi. Macho yalikuwa yamevimba yakawa mistari miwili. Pua imekuwa nyekundu. Alikuwa akipiga chafya hata akashindwa kuvuta pumzi, na bado alikuwa ameshika pembe yake ya chandarua. Shangazi akamfuata. Alikuwa na maneno mdomoni, nadhani ya shukrani yaliyochanganyika na ukali, lakini hakupata nafasi ya kuyasema, maana alifika muuguzi.

Binti yake Dereva alikuwa anatoka kazini, bado amevaa sare. Alitupa mkoba chini.

"Baba! Daktari alikuambia nini?"

"Alisema nile mboga," Dereva akajibu kwa sauti ya puani.

"Kuhusu sufi! Alikuambia nini kuhusu sufi?"

Mtaa ukanyamaza. Mtaa wetu hunyamaza vizuri sana kukiwa na jambo la kusikia.

"Alimwambia asiikaribie," binti akatuambia sisi wote, akimfuta babake uso kwa kitambaa. "Miaka mingapi sasa! Mtoto mdogo akipita na mwanasesere wa sufi, Baba anavimba. Halafu anakuja nyumbani na mto. Nikasema labda amesahau. Akaja na wa pili. Wa tatu! Ameipanga kwenye kochi kama wageni waheshimiwa, imefungwa kwenye nailoni, na hataki mtu aiegemee. Mimi mwenyewe hunifukuza. 'Usikae hapo, utaibonyeza.' Na yeye analala ameweka koti chini ya kichwa!"

Akageuka kwa Shangazi. Nikaona anaanza kuelewa nani amesimama mbele yake.

"Shikamoo, Mama," akasema, sauti imeshuka. "Ni wewe unayeshona?"

"Marahaba," Shangazi akasema. "Ni mimi."

Kisha akamtazama Dereva. Alimtazama muda mrefu, yule mzee mrefu mwenye macho yaliyovimba, manyoya meupe kwenye masharubu, filimbi shingoni. Na Shangazi yangu akacheka. Hakikuwa kile kicheko anachowapa wateja. Kilianza tumboni, kikapanda, kikamshinda, mpaka ikabidi ashike bega langu. Mtaa ulipoona Bi Sufi anacheka hivyo ukaangua kicheko nao, na Dereva, ambaye hakuwa anaona kitu, akauliza, "Nini? Nimefanya nini tena?"

Alikalishwa mlangoni kwetu, upande ambao upepo hautoki uani, na kitambaa cha maji machoni. Binti akaenda kuchemsha chai. Mimi nilijifanya naokota sufi karibu, kwa sababu kuna mambo mtu hapaswi kuyakosa.

"Kwa nini hukusema?" Shangazi akauliza.

"Ningesema nini? Kwamba nimekuja kununua mto nisioweza kuulalia?"

"Ungesema umekuja kwa jambo jingine."

"Nilikusudia. Kila siku nilipofika mlangoni nilikuwa nalo. Kisha unaniuliza, 'Haya, una shida gani?' na shida pekee niliyokuwa nayo mkononi ilikuwa mto."

Shangazi akasema, kwa sauti ngumu ambayo mimi nilijua ni ya woga, "Mimi siachi kazi hii. Nakuambia mapema."

Dereva akakitoa kitambaa machoni, akajaribu kumwona.

"Nani amekuambia uache? Nimekuja kukutazama ukiifanya."

Tangu siku hiyo hakuingia tena kiwandani. Fundi mwashi alitoboa dirisha jipya kwenye ukuta wa upande wa barabara, pana, lenye kioo na kipenyo kidogo juu cha kupitishia maneno, na benchi likahamishiwa nje yake. Dereva akawa anakuja asubuhi na gazeti lake, anakaa kule, na maongezi yanaendelea kupitia kioo. Shangazi alisema dirisha ni kwa ajili ya mwanga wa kuingizia uzi kwenye sindano. Hakuna aliyembishia. Wale walioagiza mito ya nyumba ya wageni walipata mito yao, na kama baadhi ilishonwa kwa mzaha na vicheko vingi, haikuonekana kwenye mishono.

Jambo lililonishangaza zaidi lilikuja baadaye kidogo. Nilimkuta Shangazi amekaa na rundo la vipande vya pamba alivyoomba kwa mafundi nguo, anavikatakata vidogo kama kachumbari. Alishona mto, akalaza kichwa, akaguna, akaufumua. Akajaribu tena na vipande laini zaidi, vya fulana kuukuu zilizofuliwa mara nyingi. Akafumua. Alihangaika nao siku kadhaa, yeye ambaye alikuwa haruhusu kitu kingine chochote zaidi ya sufi kipite mlangoni. Hatimaye akaubonyeza mmoja, akautazama ukijiinua polepole.

"Hauwezi kuwa sufi," akasema, "lakini una heshima zake."

Akauchora chaki pembeni, akanipa nimpelekee Dereva nje. Keshoye asubuhi Dereva alikuja amechelewa, jambo ambalo dereva wa treni halifanyi. Shavu lake moja lilikuwa na alama za mikunjo ya foronya. Aliuinua ule mto kwenye kioo tuuone. Chaki ilikuwa imefutika yote. Shangazi aliinama upesi kutafuta kitu chini ya meza, na alikitafuta muda mrefu.

Uchumba wenyewe ulifanyika kwenye dirisha lilelile, siku yenye jua, mimi nikiwa nimekaa hatua chache kutoka pale na mdomo umejaa pini.

"Bi Sufi," Dereva akaanza. Alikuwa amevua kofia. "Watu hudhani dereva wa treni ndiye anayeigeuza. Treni haina usukani. Inafuata reli. Kazi ya dereva ni kujua aondoke lini na asimame lini. Na mimi nimesimama hapa dirishani kiasi cha kutosha."

Shangazi akaendelea kushona. Akakata uzi kwa meno.

"Basi nenda," akasema.

Mzee akanywea. Akavaa kofia kinyumenyume, akageuka.

"Nenda kwa mdogo wangu, wewe!" Shangazi akamkemea kupitia kipenyo. "Tangu lini mwanamke anaposwa dirishani?"

Nilikaribia kumeza pini moja. Bahati nzuri ilikwama shavuni.

Baba yangu alimpokea Dereva na binti yake sebuleni, akiwa amekaza uso kama baba wa msichana wa miaka ishirini. Alishindwa kuukaza hadi mwisho.

"Mwenzangu," akamwambia, "nakupenda, kwa hiyo nitasema kweli. Dada yangu anakoroma."

"Nimeendesha injini ya dizeli," Dereva akasema. "Bila kelele ndipo nisipolala."

Baba akacheka hadi akatoka nje kupata hewa. Masharti yakatolewa na muuguzi, ambaye alijua anachosema. Sufi isiingie nyumbani kwa Dereva. Shangazi aoge na kubadili nguo kiwandani kabla ya kurudi. Ile mito ya kwenye kochi ihamishwe. Dereva alipinga sharti la mwisho, akabishana, akaomba abaki na mmoja tu. Binti akakataa. Mito ikaenda kwa muuguzi mwenyewe, kwenye chumba alichohamia karibu na kazini kwake, akasema hakuwahi kulala vizuri hivyo, na tangu hapo amekuwa akija kwetu siku zake za mapumziko kuzungumza nami, na mtu akituuliza tunasema sisi ni ndugu.

Walifunga ndoa Jumamosi moja kabla ya mvua. Mimi nilishona gauni lake, la rangi ya krimu, na nilikaa asubuhi nzima nikilipangusa kwa kitambaa chenye unyevu ili lisibaki na hata unyoya mmoja. Baba alilia, akasema ni vumbi. Walicheza. Sikuwa najua Shangazi anajua kucheza. Kumbe anajua, na anapenda kuongoza, na Dereva alimfuata kila alikoelekea bila kulalamika hata kidogo, akiangalia miguu yake mwenyewe kwa umakini wa mtu anayevuka daraja.

Nyumba yake akaniachia mimi. Jumatatu asubuhi nilimwona akiingia getini na mkoba begani. Miaka yote ile alikuwa akiamka na kujikuta tayari yuko kazini. Sasa, kwa mara ya kwanza, alikuwa anakwenda kazini kama watu wengine, na alionekana kuona fahari sana. Alisimama chini ya msufi ambao ulikuwa umeanza kuchipua majani mapya, mabichi kabisa.

"Vipi, bibi harusi?" nikamwita. "Ndoa ikoje?"

Akafikiri, kana kwamba nimemuuliza bei.

"Anaamka alfajiri anapiga mswaki kwa kelele kama anasugua sufuria," akasema. "Chai yake haina majani ya kutosha. Na anaimba." Akavua viatu vya barabarani, akaingia kiwandani, akavuta kiti. "Anaimba vibaya, mwanangu! Laiti ungesikia."

Akachukua shazia, akaitazama kwenye mwanga wa dirisha, akaanza kazi, na yeye mwenyewe akawa anaimba.